Kabati Lisilogawanywa

Gauni lenyewe lilikuwa bado halijapoa pasi. Bi Pindo alilivua kwenye sanamu asubuhi, akalipitishia jicho la mwisho, akamkabidhi binti aliyekuja kulichukua pamoja na shangazi yake. Mchana wa siku hiyo, akiwa mlangoni mwa karakana anapuliza chai, jirani wa duka la vyombo akamjia na simu mkononi, meno yote nje.

"Mama, kumbe mmepatana na mdogo wako! Hongereni. Ndugu wakipatana hata sisi majirani tunapumua."

Bi Pindo alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Ndani ya simu kulikuwa na ukurasa wa mdogo wake. Jina la mdogo wake juu, kwa herufi za kujikunjakunja. Namba ya mdogo wake chini. Na katikati, limejitandaza kama limezaliwa pale, lilikuwa gauni lile lile la rangi ya maziwa, mikunjo kiunoni, mkono wa robo tatu, lesi shingoni. Gauni lililotoka kwenye sanamu yake asubuhi ile.

"Tumepatana," alisema Bi Pindo. Hakuwa mtu wa kumwaga mchele penye kuku wengi. Lakini chai iliyobaki akaimwaga kwenye maua.

Watu walimwita Bi Pindo kwa sababu ya pindo zake. Nguo ikipinda upana wa ukucha alikuwa anaifumua yote, hata mwenye nguo awe amesimama mlangoni analia kuwa gari linamwacha. Mdogo wake aliitwa Bi Lesi, maana huyo ukimwachia taulo atalitia lesi. Mama yao aliwaachia cherehani moja na maneno mawili, "shoneni pamoja", nao wakashona pamoja mpaka wakazeeka pamoja, karakana moja, meza moja, sahani moja.

Kilichowatenganisha kilikuwa lesi. Bi Pindo alimaliza gauni la bibi harusi, akaenda kumuuguza mwanawe, na aliporudi akakuta mdogo wake amelizungushia lesi shingoni bila kumuuliza. Bibi harusi alilia kwa furaha mbele ya watu. Bi Pindo alilia kwa hasira nyuma ya pazia.

"Gauni nililolimaliza mimi haliguswi!"

"Ungelimaliza nisingeligusa, dada. Lilikuwa kama gunia lenye mikono."

Neno likazaa neno. Wakagawana. Cherehani ya mama yao ikabaki kwa mkubwa, ile ya umeme waliyoinunua baadaye ikaenda kwa mdogo. Sanamu yenye mabega huku, sanamu isiyo na mabega kule. Waligawana mikasi, pasi, viti. Sindano walizimimina mezani wakazigawa kama watoto wanaogawana karanga. Kioo kikubwa cha wateja kilikuwa kimoja, na hakuna aliyekubali mwenzake akichukue, basi kikapelekwa kwa shangazi yao kikae ukutani kimtazame shangazi. Mdogo akahamia mtaa wa pili. Bi Pindo alilala siku hiyo akiamini kwamba hakukubaki hata kifungo chenye wenyewe wawili.

Sasa gauni lake limefikaje kule?

Alijua ni nani anayepiga picha. Mtu mmoja tu. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya mbali, leo yuko hapa kesho mpakani, na mkewe alikuwa ndiye anayeshinda karakanani. Aliketi kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha, na kompyuta yake. Yeye ndiye aliyewatengenezea ule ukurasa wa kwenye mtandao tangu zamani, dada wale wawili wakiwa bado wanakula sahani moja. Gauni likiisha, alilipiga picha kwenye sanamu, akaitia picha kwenye kompyuta, na gauni likaonekana kwa kila mtu mwenye simu. Yeye tena ndiye aliyevaa ufunguo wa karakana shingoni, kwenye utepe mwekundu, tangu magoti ya Bi Pindo yalipoanza kugombana na ngazi.

Mkwe huyu hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo analitafuna kwanza ndipo akujibu. Bi Pindo aliwahi kumsifu kwa hilo mbele ya wakwe zake: "Mwenzenu nimepata mtoto mwenye mdomo wenye kifuniko." Siku ile, akimtazama alivyoinamia kompyuta, akajiuliza kwa mara ya kwanza: kifuniko hufunika nini?

"Mwanangu," alimwita.

"Abee, mama."

"Picha ya lile gauni la maziwa umempa nani?"

Mkwe akatafuna. "Nimeiweka kwenye ukurasa wetu tu, mama. Sijampa mtu."

"Haya."

Haya ya Bi Pindo ilikuwa na vyumba vingi, na siku ile vyote vilifungwa mlango.

*

Kwenye karakana kulikuwa na mtu wa tatu, naye ni shemeji. Ndugu mkubwa wa marehemu mume wa Bi Pindo, Mzee Pasi, aliyenyoosha nguo pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua kunyoosha nguo, ila habari alizipenda zaidi zikiwa na mikunjo. Zamani Bi Pindo akichelewa, ufunguo alikuwa anaachiwa yeye. Ulipohamia kwenye utepe mwekundu hakusema neno, ila tangu siku hiyo alifika kazini amechelewa, akagonga mlango ulio wazi.

"Shemeji," alisema akiinyunyizia sketi maji, macho kwenye sketi, "mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Ila juzi nimepita mtaa wa pili kumwona fundi viatu. Natazama, nani huyo anatoka kwenye kichochoro cha mdogo wako? Na kifurushi amekikumbatia hivi." Akaikumbatia pasi nusura ajiunguze.

"Nani?"

"Nimesema sisemi." Akapeleka kidevu kwenye meza ya pembeni, ambako mkwe alikuwa ametoka kwenda kununua uzi. "Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Na wewe ni mshona nguo, utajua mshono gani umeachia."

"Nguo zangu nazishona mwenyewe," alijibu Bi Pindo kwa ukali. Lakini neno lilishaingia kama mbu kwenye chandarua. Taa ikizimwa ndipo unapolisikia.

Kuanzia hapo akawa anatazama. Alikuwa mtu wa subira, mtu anayeweza kufumua gauni zima kwa ncha ya sindano bila kulitoboa, na sasa akamfumua mkwewe vivyo hivyo. Akimpa kazi, anatazama anavyoishika. Akiaga kwamba anakwenda sokoni, anatazama anaelekea kona ipi. Alimwomba jirani wa duka la vyombo amfundishe kuufungua ule ukurasa wa mdogo wake kwenye simu yake mwenyewe, akisingizia anataka kumwonyesha shangazi. Akawa anaufungua kila mara: akiamka, akingoja uji upoe, akiwa chooni. Kila gauni jipya lililotoka kwake lilikuwa kule. La bluu lenye mkanda, lilikuwa kule. La mtoto wa ubatizo, lilikuwa kule, na kile kijisoksi alichokisahau chini ya sanamu kimeonekana vile vile.

Kisha ikaja habari ya lesi yenyewe.

Ukweli ni kwamba Bi Pindo alikuwa haoni tena vizuri kushona lesi. Pindo aliweza, maana pindo vidole vinaijua njia. Lakini lesi ina vijitundu, na macho yake yalivikusanya vyote vikawa ukungu. Wateja nao hawataki siku hizi gauni lisilo na lesi. Kwa hiyo alipomaliza gauni, mkwe alilichukua jioni, akasema, "Mama, lesi nitaitia nyumbani nikitulia," na baada ya siku chache likarudi lina lesi kama povu la maziwa. Bi Pindo alijivuna: mwenzenu mkwe wangu mkono wake mwepesi.

Sasa akalivuta gauni moja lililotoka kutiwa lesi, akalipeleka dirishani, akaikaribisha miwani mpaka pua ikagusa kitambaa. Mishono ilikuwa midogo, mizuri, imefuatana. Na yote imelala upande wa kushoto.

Mkwe wake alikuwa anatumia mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia mishono yake hulala kulia. Ni mtu mmoja tu aliyemjua, tangu wakiwa watoto chini ya cherehani ya mama yao, ambaye mishono yake ililala kushoto, akapigwa vidole kwa rula shuleni wala isiinuke.

Bi Pindo akalitundika gauni taratibu. Kumbe si picha tu. Hata nguo zenyewe zinatembea.

Akampigia simu mwanawe. "Jumamosi uje. Nina jambo zito. Ufunguo wa karakana nautoa kwa mkeo, na mkeo mwenyewe sitaki nimkute tena kwenye ile meza. Nitakueleza ukija."

"Mama, kafanya nini?"

"Ningekuwa napenda kusema kwenye simu nisingekuita."

*

Mkwe alikuwa na ombi lake la siku nyingi. Alitaka kuzipanga picha. Alisema tangu mwanzo zote zimetupwa kwenye folda moja ndani ya kompyuta, za harusi, za sare za shule, alama ya karakana, faili la rangi, zote rundo moja, zina majina ya ovyo ya namba namba za kamera; ukurasa unachelewa kufunguka na yeye mwenyewe hapati anachotafuta. Bi Pindo alikuwa anamkatalia. Aonavyo yeye, anayepanga kabati peke yake ndiye anayejua kilichotoka.

Alhamisi ilipofika Mzee Pasi akamnong'oneza: "Mruhusu, shemeji. Mkalie karibu umwone anachofanya. Akimaliza, fungua simu yako utazame kule kwa mwenzake. Ukiziona picha zilizopangwa leo ziko kule pia, ushahidi gani tena unautaka?"

Basi Bi Pindo akavuta kigoda, akakiweka ubavuni mwa mkwewe, karibu mno kwa mtu anayetazama kazi.

"Panga," alisema. "Na ueleze unachofanya, nisikie."

Mkwe akashangaa, kisha akatabasamu, jambo ambalo halikumsaidia. "Asante, mama. Kwanza ujue, ukurasa huu hauna picha ndani yake."

"Hauna? Na hizi ninazoziona ni mizimu?"

"Ukurasa ni maneno na maelekezo tu. Mteja akiufungua, ukurasa unatuma: nenda kwenye kabati lile, chukua picha yenye jina hili, ilete iwekwe hapa. Rangi nazo zina faili lake, zinaitwa. Alama yetu nayo inaitwa. Kila kitu kinatoka kabatini."

"Kama mimi ninavyokaa kwenye cherehani nikakutuma vifungo."

"Hivyo hivyo, mama."

"Na nikikutuma vifungo ukaniletea zipu?"

"Basi nimefungua droo siyo."

Bi Pindo alitaka kucheka, akajikumbusha kwamba amekasirika.

Mkwe akaanza. Akatengeneza folda ya magauni, folda ya sare, ya alama na ya rangi. Akawa anaibeba picha moja moja anaiingiza panapostahili, akiipa jina linaloeleweka. Bi Pindo akaziona kazi za maisha yake zikipita: gauni la yule mwalimu, sare za kwaya. Nyingine zilikuwa na lesi za zamani, za kabla ya ugomvi, akageuza uso kidogo.

"Hii nayo?" aliuliza. Picha ya gauni la ubatizo ilikuwa na jina fupi: mbele.

"Hiyo ndiyo inayokaa juu kabisa ya ukurasa. Kila gauni jipya naliweka kwa jina hilo hilo la mbele, la zamani linafutika. Nilikuwa nakwepa kuandika maelekezo upya kila mara. Uvivu tu, mama. Leo jina hilo naliacha."

"Uvivu," alirudia Bi Pindo, akaliweka neno akiba.

Alipomaliza kuhamisha, mkwe akaufungua ukurasa wao wautazame. Bi Pindo akashika kifua. Rangi zote zimekwenda. Maneno yamejikusanya upande mmoja, meusi, yamekonda, na penye magauni pamebaki visanduku vyenye alama ya karatasi iliyochanika.

"Umetuvua nguo!" alipiga kelele. "Shemeji, njoo uone, tumevuliwa nguo mchana kweupe!"

Mzee Pasi alishafika, hakuhitaji kuitwa.

"Subiri, mama. Nimehamisha vitu sijaubadilishia ukurasa maelekezo. Unafungua droo za zamani, unakuta tupu." Mkwe akainama, akawa anaandika upya njia moja baada ya nyingine, vidole vinakwenda, jasho juu ya mdomo. Rangi zikarudi. Kisha alama. Kisha magauni, moja moja, kama wageni wanaorudi kukaa baada ya umeme kuwaka. Ukurasa ukafunguka mwepesi kuliko zamani.

Bi Pindo hakusifu. Aliinuka, akaenda nyuma ya pazia la kupimia nguo, akatoa simu yake mfukoni, akaufungua ukurasa wa mdogo wake.

Gauni la ubatizo lilikuwa pale pale. Halikutikisika hata kidogo.

Alitoka nyuma ya pazia akiwa amesimama wima kuliko magoti yake yalivyotaka. Alikwisha fikiri atasubiri Jumamosi. Sasa aliona Jumamosi ni mbali.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, ile ambayo mwanawe alipokuwa mdogo akiisikia alikuwa anakimbia. "Vua huo ufunguo."

Mkwe akaupeleka mkono kwenye utepe mwekundu. Uso ulimshuka tu, kama mtu aliyekuwa anaungoja mzigo huo kwa muda mrefu na sasa umemfikia. Mzee Pasi akaweka pasi chini.

Hapo ndipo mlango ulipotiwa kivuli.

*

Bi Lesi alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya kugawana sindano. Alisimama kizingitini, hakuvuka, simu imebanwa kifuani, mtandio umekaa upande kama mtu aliyetoka nyumbani bila kujitazama.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mama mdogo," alijibu mkwe, maana mwenye nyumba alikuwa bado ameukazia macho ufunguo.

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu." Akamtazama dada yake, kidevu kinacheza. "Dada, nimekosa nini tena?"

Bi Pindo alikuwa na maneno yake, ameyapanga wiki nzima, mwizi likiwa la mbele kabisa. Swali lile likayatawanya yote.

"Wewe umekosa nini? Unaniuliza mimi?"

"Umenifuta." Bi Lesi akaigeuza simu waione. Ukurasa wake, jina lake la kujikunjakunja, na penye magauni pote visanduku vyenye karatasi iliyochanika. "Mteja wangu amefungua mbele yangu, akanicheka. Nimezima simu nimeiwasha, ndiyo haya. Mimi sikukuomba uniwekee gauni zako, dada. Uliziweka mwenyewe. Kila gauni likitoka hapa na lesi yangu, nikilala nikiamka naliona liko kwangu, juu kabisa, mahali pa mgeni rasmi. Nikasema, dada yangu mdomo wake mgumu lakini mkono wake umefunguka. Nikawaambia watu tumepatana." Sauti ikakatika. "Sasa nimekosa nini?"

Kitu pekee kilichosikika ni sketi ya Mzee Pasi ikianza kuungua.

"Pasi!" alisema Bi Lesi kwa mazoea, na Mzee Pasi akairukia.

"Lesi yako?" aliuliza Bi Pindo taratibu.

Bi Lesi akamtazama mkwe. Mkwe akatazama chini, akatafuna, na mara hii jibu likatoka. "Mama, samahani. Mimi lesi siiwezi. Nilijaribu ile ya kwanza ikawa kama wavu uliopasuka. Nikampelekea mama mdogo. Nilijua nikikuambia ungeifumua."

"Ningeifumua."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe," Bi Pindo akamgeukia mdogo wake, "ukashona tu. Hukutaka chochote."

"Ilikuwa lesi, dada," alisema Bi Lesi, kana kwamba hilo linajieleza. "Na safari hii sikugusa gauni lolote mpaka niletewe."

Bi Pindo alijisikia kama mtu aliyeingiza mkono kwenye mkono wa nguo akakuta umeshonwa upande wa pili. Kumbe kweli mkwe alikuwa na siri na vifurushi vilitembea. Lakini picha?

"Hebu," alisema, akautoa mfukoni ushahidi wake. "Kama umefutwa, hii ni nini?" Simu yake ilionyesha ukurasa wa mdogo wake mzima, gauni la ubatizo limekaa.

Mkwe akaichukua simu, akaitazama, akaitazama na ile nyingine, kisha akarudi kwenye kompyuta. Akaufungua ukurasa wa Bi Lesi, akaenda ndani yake, kule kwenye maelekezo ambako mteja haoni. Alipoona alichokiona alipumua, akakigeuza kioo cha kompyuta kielekee kwa Bi Pindo peke yake, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

Bi Pindo hakuwa na kisomo cha kwenda mbali, lakini jina la karakana yake alilijua likiandikwa popote. Lilikuwa pale. Kwenye mstari wa chini yake tena. Na wa chini yake.

Ndipo akaelewa, maana alikuwa amefundishwa mchana ule ule, kwenye kigoda kile kile. Walipogawana, Bi Lesi alikwenda kwa mtu wa duka la kuchapisha amtengenezee ukurasa wake. Mtu yule akaunakili ule wa zamani wa pamoja, akabadilisha jina na namba ya simu, akaona kazi imekwisha. Maelekezo ya picha hakuyagusa. Kwa hiyo kila mteja alipoufungua ukurasa wa mdogo, ukurasa ulikuja kubisha kwenye kabati la mkubwa, kuchukua picha inayoitwa mbele. Na kila mkwe alipoweka gauni jipya kwa jina hilo hilo la mbele, likaonekana kwa wote wawili. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyezawadia. Waligawana mpaka sindano, wakasahau kabati ambalo halishikiki.

Bi Pindo akamtazama mkwewe. Mkwe akamtazama Bi Pindo. Ilitosha mtoto yule aseme neno moja, Mama hakukuwekea kitu, ni makosa ya mtu wa kuchapisha, na mdogo wake angeondoka kizingitini pale asirudi mpaka mazishi.

Mkwe akamgeukia Bi Lesi.

"Mama mdogo, ni mimi. Leo nimepanga kabati la picha, nikasahau kwamba na wewe unachukua humu humu. Mama hakukufuta. Simu ya mama ilishaziona picha hizo zamani, imejiwekea nakala, ndiyo maana bado anaziona. Ya kwako imekwenda kuzitafuta upya ikakosa."

Kila neno lilikuwa kweli, na lililobaki alilifunika.

Bi Lesi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kwa hiyo dada anaufungua ukurasa wangu?"

"Kila siku," alisema mkwe.

"Nilikuwa natazama pindo," alisema Bi Pindo haraka. "Nione kama picha inazionyesha vizuri. Utasimama kizingitini mpaka lini? Unanizibia mwanga."

Bi Lesi akavuka.

"Mrudishie," Bi Pindo alimwambia mkwewe, bila kumtazama. "Tengeneza folda nyingine. Zile gauni za mikono yetu miwili, pindo zangu na lesi zake, zikae humo, ukurasa wake uzichukue na wetu uzichukue. Jina utaandika pamoja. Na picha yoyote isiitwe tena mbele."

"Sawa, mama. Na ufunguo?" Mkwe alikuwa ameshauvua. Alikuwa ameushika kwa ncha ya utepe, mkono umenyooka. Mzee Pasi alikuwa amesogea, si sana, kiasi cha mtu anayetaka kupata hewa.

Bi Pindo akaupokea. Akaupima utepe mwekundu kwa kidole, akautoa kwenye ufunguo akautupa kapuni. Akakata kipande cha mkanda mzito wa pamba, akaketi kwenye cherehani ya mama yao, akaupiga pindo pande zote mbili, akaupitisha kwenye ufunguo, akafunga fundo ambalo hata yeye mwenyewe asingelifungua bila mkasi.

"Utepe ulichakaa," alisema, akimvisha. "Ungenipotezea ufunguo. Wewe ulidhani nataka nini?"

Mkwe akatafuna. "Nilidhani utepe, mama."

Mdomo wenye kifuniko, aliwaza Bi Pindo. Kitu kile kile kilichomnyima usingizi wiki nzima ndicho kilichokuwa kimesimama sasa kati yake na aibu. Hakulipenda sana wazo hilo, lakini alilishika.

"Na wewe shemeji," alisema, "hiyo sketi uliyoiunguza ina mwenyewe. Utaeleza, au nawe husemi kitu?"

Jumamosi mwanawe alifika na vumbi la njiani, uso umekunjamana kwa wasiwasi, hata begi hakulitua. Alimkuta mama yake na mama yake mdogo wameinamia gauni moja, wanagombana mkono uwe mrefu au mfupi, na mkewe kwenye meza yake ya pembeni, ufunguo shingoni.

"Mama, ulisema kuna jambo zito."

"Zito kweli. Halibebeki na mtu mmoja," alisema Bi Pindo, sindano mdomoni. "Nenda na lori kwa shangazi yetu, kakitoe kile kioo ukutani ukilete hapa. Na baba yako mkubwa asikishike."

Kisha akalivuta gauni kwenye mwanga, akaikaribisha miwani, akaanza kuikagua lesi ya mdogo wake, mshono baada ya mshono.